Kitanda ya Kenda

« Muongo! Weye uko muongo, Papa Zorobabel! Mutoto wangu iko mule ndani! »

« Mama Séphora, tosha mukono ku écran. »

« Sitoshe! Kata huu mukono kwanza! »

« Unakamata machine ya batu kama vile unakamata kuku ku soko! Tosha, nasema! »

Pale pale Éphraïm Kitsa akaingia bila kubisha. Alikuwa OPJ, mupelelezi wa polisi, na bureau yake ilikuwa ngambo ya barabara, hatua makumi ine tu na hii Bureau ya Kutafuta Batu ya Vulamba, mu Butembo. Zorobabel, chef wa bureau, njo alimupigia simu: « Chef, kuya unitoshee mama moja, akili imemuruka. » Donc Éphraïm alikuya kutosha mama inje, basi. Aliacha sahani ya fufu na sombe ku meza yake inapoa, na mutu mwenye kupoza fufu yake hakukuwaka rafiki yake.

Ku banc kulikuwa batu kumi na mbili hivi, benye kutafuta babo benye balipotea siku za kukimbia. Mama Séphora, mama mufupi wa Masereka mwenye kitambaa ya matanga ku kichwa, alikumbatia ile écran, kioo ya machine, na mikono mbili kama vile mutu anakumbatia mutoto mugonjwa.

« Mama, muko na dakika moja, » Éphraïm akasema. « Semeni, kisha munatoka. »

Mama akasema mbiyo, ju alijua dakika ni nini. Binti yake ni Kavugho Falonne. Alipotea miezi tatu sasa, ile siku batu ya ma village ya karibu na Beni balikimbia bundoki. Mukwe wake Eliezer, bwana ya Falonne, alifika Butembo peke yake na moto yake, ile pikipiki, akalia, akasema Falonne alikufa mu njia. Balifanya matanga bila maiti. Lakini mama roho yake ilikataa. Kila mardi, Jumanne, anakuyaka hapa na Eliezer, Eliezer anamusomea, ju yeye hakusoma. Na kila mardi Eliezer anamuambiaka neno moja tu: « Mama, hakuna. »

« Leo? »

« Leo nilikuya peke yangu. Roho ilinisukuma. Nikaomba huyu mwalimu wa ku banc anisomee. Akasoma! Alisoma mutoto wangu! »

« Chef, » Zorobabel akakata, « alisoma jibu ya machine tu. Fungua fiche, ukurasa ya mutu mwenyewe, utaona si yeye. Machine inachelewa. Nimemuambia mara kumi, lakini kichwa ya huyu mama ni jiwe. »

« Mwalimu, » Éphraïm akasema, « andika tena paka vile uliandika. »

Mwalimu akapita mbele, akaandika mu kisanduku ya recherche, fasi ya kutafutia: kovu shingo mafuta. Hakuandika jina. Hapa kwetu jina Kavugho haimuonyeshi mutu. Majina yetu inafwata hesabu ya kuzaliwa, donc ukiandika Kavugho, machine inakutapikia ba Kavugho elfu moja, bote na ba mama yabo benye kulia. Njo maana ku fiche banaandika kovu, meno, kikwembe, chochote chenye mutu mwingine hana.

Écran ikatoa mustari moja. Mwalimu akausoma kwa sauti:

« Kavugho, mwanamuke, miaka makumi mbili na tano hivi. Anasema jina moja tu, kisha haseme tena. Kovu ya mafuta ya moto ku shingo, kushoto. Centre ya Beni, kitanda ya kenda. Fiche 417. »

« Ile mafuta miye njo nilimumwangia, » Mama Séphora akasema, na sauti ilishuka. « Alikuwa na miaka ine. Nilikuwa nakaanga beignets, akavuta kikwembe yangu. Ile kovu ni mukono wangu, chef. Hakuna mama mwingine iko nayo. »

« Fungua fiche. »

Mwalimu akafinya. Fiche ikafunguka, na haikuwa vile vile: « Kavugho, mwanamuke. Hana kovu. Familia imemutambua na imemuchukua. »

Njaa ya Éphraïm ikaisha. Akavuta kiti, akakaa.

« Zorobabel. Nifasirie kama mutu wa darasa ya tatu. Kwa nini recherche inasema iko na kovu, na fiche inasema hana? »

« Chef, ile ni kitu ya kawaida. Ukitafuta, machine haisome fiche zote. Inasoma liste yake, maneno zenye ilikusanya. Ukigusa fiche, fiche inabadilika palepale, lakini liste inabakia na maneno ya zamani mpaka tufinye bouton ya Actualiser. Ile bouton inakula karibu nusu saa na essence mingi ya groupe, ile machine ya umeme. Donc tunafinya lundi na jeudi tu, Jumatatu na Alhamisi. Na jana, jeudi, courroie, mukanda wa groupe, ilikatika. Leo asubuyi njo balitengeneza. »

« Donc ile mustari ni ya lundi. »

« Ya lundi, ndiyo. »

« Lundi huyu mwanamuke iko na kovu ku shingo. Leo vendredi hana tena. » Éphraïm akamutazama. « Ni dawa gani hiyo, Papa? Miye niko na kovu ku mugongo, nataka nayo. »

Ku banc mutu moja akacheka, kisha akajutia. Éphraïm akaonyesha écran na kidole.

« Chini ya fiche kuko jina ya mutu mwenye aliigusa mara ya mwisho. Soma. »

Zorobabel akainama, akasoma, na jasho ikatoka paka pale ku paji la uso. Iliandikwa: Modifié na Zorobabel, mardi, saa ine na dakika makumi mbili ya asubuyi.

« Ayi! » Mama Séphora akalia. « Ni weye! »

« Si miye! Mardi saa ine nilikuwa ku mazishi ya mutu wa chorale yetu! Vulamba muzima iliniona, nilikamata musalaba! Chef, session yangu haifungwe, mot de passe, neno la siri, imeandikwa ku mbao ya meza, angalia! Ni Ornella! Hapa tuko batu babili tu benye kukaa ku hii kiti! »

Ornella, encodeuse, ile mwenye kuandika fiche, alikuwa amesimama ku dirisha na ma papier ku mikono. Akaangusha ma papier.

« Miye? Papa Zorobabel, leo unaniuza? Miye mwenye nakufichiaka kila siku ukisinzia? »

« Unyamaze, mutoto mubaya! »

« Sinyamaze! Chef, huyu papa njo alisema ba mama ya banc ni banzi! Alisema batu kama nzi! »

Batu ya banc bakaguna. Éphraïm akabaacha baumane. Alijua kitu moja ya kazi yake: batu babili benye kupigana banasema mingi kuliko mutu mumoja mwenye unapiga. Kisha akagonga meza na funguo.

« Ornella. Kaa. Badilisha fiche yoyote, kitu kidogo tu. »

Binti akakaa. Akafungua fiche 430, akaongeza point moja, nukta, ku mwisho, akafinya Enregistrer ya kuiweka. Na mukono wake wa kuume, peke yake, bila yeye kuutuma, ukaenda ku kalamu yenye ilifungwa na kamba ku muguu ya meza, ukaandika 430 mu cahier, daftari ya masomo yenye ilikuwa pale.

« Iyo ni nini? »

« Cahier ya fiche zenye kuguswa, chef. Ju siku ya Actualiser Papa ahakikishe kama zote zimepita. »

« Papa nayeye anaandikaka? »

« Papa njo alinichapa ile siku nilisahabu moja. »

Éphraïm akavuta cahier. Mardi: 409, 422, 430. Hakuna 417. Akageuza ukurasa, akarudi, akafunga.

« Sikieni. Mutu wa hii nyumba, hata akuwe mwizi, anajua kama kufuta fiche haitoshi. Anajua recherche itabakia inasema ukweli mpaka Actualiser. Angefinya bouton kabla ya kutoka, alikuwa na mardi muzima. Huyu hakufinya. Alifuta, akaona imefutika ku macho yake, akaenda kula. Huyu ni mugeni. Ornella, mardi saa ine, nani alikaa ku hii kiti? »

Ornella akaanza kuokota ma papier yake.

« Nakuuliza mara moja tu. Ya pili utaijibia ku cachot, na kule hakuna dirisha. »

« Groupe ilikuwa inazimika, chef. Nilienda nyuma ya nyumba kutia essence. Dakika kumi tu. Nilimuachia kiti yule mukwe ya mama. Alisema anajua machine, atamutafutia mama mwenyewe, nisijisumbue. »

« Eliezer? » Mama Séphora akasema. « Hapana. Eliezer analiaka kuliko miye. Ku matanga njo balimushikilia asianguke. »

Éphraïm akamugeukia.

« Na siku hiyo alikuambia nini, mama, akiwa ku ile kiti? »

Mama akavuta kitambaa yake ya kichwa. Kisha: « Aliniambia, mama, hakuna. »

Éphraïm akauliza Zorobabel kama yule kijana aliombaka kitu ingine ku bureau. Zorobabel akajibu mbiyo, vile mutu anajibu akiona kamba inatoka ku shingo yake: « Attestation de décès, karatasi ya kifo, chef! Mara tatu! Pasta wa kanisa yabo anamukatalia kuoa bila ile papier. Iko na binti kule Kayna, ndoa ni juma yenye kuya. »

Mama Séphora hakujua hiyo. Akakaa chini ku sakafu ya sima.

Éphraïm akatoka ku barza na simu, akapiga ku centre ya Beni, fasi banatunza batu ya kukimbia. Akasikia sauti ya mwanamuke, muuguzi wa kule, ya kuchoka.

« Allô, infirmière Bénite. »

« OPJ Kitsa, Butembo. Kitanda ya kenda. »

« Ile mwenye haseme? Ile tulimutosha inje mercredi, Jumatano, chef. Système iliandika familia imemutambua, imemuchukua. Tukangojea familia mpaka saa kenda, hatukuona mutu. Mukubwa akasema, kama machine inasema ameenda, ameenda, kitanda haiwezi kulala bure, batu banalala chini. »

« Naye alitoka vile? »

« Alikamata chuma ya kitanda na mikono mbili. Sentinelle, mulinzi wetu, alimutosha kidole kwa kidole. »

« Kisha? »

Infirmière akashusha sauti.

« Jeudi asubuyi gari ya mbao ilimukanyaga ku njia ya Kasindi. Alikuwa anatembea katikati, miguu bure. Iko ku morgue, nyumba ya maiti. Na miye siwezi hata kumuandika, ju machine inasema alienda na babo. »

« Ku shingo? »

« Kushoto. Kovu ya mafuta. »

Éphraïm akaandika yote mu carnet, kadaftari yake, na saa. Kisha akapiga namba ingine, na sauti yake ikakuwa tamu kama ya mutu wa ku bureau ya état civil.

« Eliezer? Ni ku Bureau ya Kutafuta Batu, Vulamba. Attestation yako iko tayari. Kuya kusaini, kabla chef atoke. »

Akaingia ndani. Mama Séphora alimutazama usoni, akitafuta kitu pale. Hakupata. Éphraïm akamuambia Ornella aimprime ku papier ile mustari ya recherche na ile fiche, zote mbili, na saa yake. Akakunja ma papier, akatia mu koti. Akafukuza batu ya banc inje, paka mwalimu naye. Kisha akaamuru mama akae nyuma ya armoire, ile kabati ya fiche, asikohoe.

Eliezer akafika bila dakika kumi na tano kupita, na moto yake. Kijana mwembamba, viatu vya kung'aa, na costume ya bleu mu plastique ku mukono, inatoka kwa fundi.

« Bonjour, ba chef! Ni wapi nasaini? »

« Kaa kwanza, » Éphraïm akasema. « Hapa, mbele ya machine. Iyo costume ni muzuri. »

« Aksanti, chef. »

« Niko na habari muzuri kuliko attestation. Bibi yako iko muzima. »

Costume ikateleza ku magoti ya Eliezer. Nyuma ya armoire kitu ikagonga mbao, pole.

« Chef, munanichezea. »

« Nimetoka kuongea na Beni sasa. Ameanza kusema. Alisema jina yako mara mbili. Kesho banamuleta na gari. »

« Haiwezekani. Ule ni mwingine. Ba Kavugho ni benyi. »

« Njo nasema utusaidie. Machine iko mbele yako. Tafuta weye mwenyewe, na maneno yenye mutu mwingine hajue. »

Eliezer akapangusa mikono ku suruali. Hakuandika jina, na hakuuliza aandike nini. Akaandika: kovu shingo. Alijua kama hakutakuwa kitu. Bega zake zilikuwa zimeshaanza kupumzika.

Mustari ukatoka. Kovu ya mafuta ya moto ku shingo, kushoto. Centre ya Beni, kitanda ya kenda.

« Mais nilifuta! » Eliezer akasema.

Groupe ilikuwa inaunguruma nyuma ya nyumba. Zorobabel alifunga macho.

« Rudilia, » Éphraïm akasema.

« Si... nataka kusema... »

« Ulifuta mardi, saa ine na dakika makumi mbili, mama mukwe wako amesimama nyuma ya hii kiti na mukono ku bega yako. Kwa nini? Ju ya binti ya Kayna? Ungemuambia pasta tu. Wanaume banaacha ba bibi kila siku. »

« Hapana Kayna, chef. » Kijana alianza kulia, kweli kweli, makamasi ku kinywa. « Angesema. Siku angesema, batu bangejua. Ku njia kulikuwa na bundoki nyuma yetu. Moto haikuwa na nguvu ya kupanda kilima na batu babili. Nilimuambia ashuke asukume kidogo. »

« Akashuka. »

« Akashuka. Akasukuma. Moto ikakamata. Na miye... » Akaangalia viatu vyake. « Alinikimbilia. Aliita jina yangu mpaka ku kona. Sikugeuka. »

Éphraïm aliandika kila neno, pole, ju kalamu yake ilikuwa mubaya. Akamusainisha. Kisha akamufunga pingu ku banc, mukono moja, na costume ikabakia chini ku sima.

Mama Séphora alitoka nyuma ya armoire. Batu bote balifikiri ataruka ku shingo ya mukwe wake. Hakumuona hata. Alipita mbele yake kama vile banc ilikuwa bure, akapiga magoti mbele ya Éphraïm, akakamata mikono yake yote mbili.

« Nyamuhanga wangu, Mungu wangu! Kesho saa ngapi, chef? Banamuleta saa ngapi? »

Ornella akacheka na machozi, akafurahi naye. Zorobabel nayeye akasema alleluia.

Éphraïm akatosha mikono yake. Akapasua ukurasa ya carnet, akampa Ornella.

« Ingiza hii mu fiche 417, neno kwa neno. Kisha finya Actualiser. »

Ornella akasoma ile papier. Kicheko ikabakia ku uso wake, haikuwa na fasi ya kwenda.

« Chef... »

« Ingiza. Recherche isiseme tena uongo. »

Akaingiza. Mukono wake ukaenda ku cahier, ukaandika 417. Akafinya bouton. Ku écran kamustari ka kijani kakaanza kutembea, pole pole, na kulikuwa karibu nusu saa ya kungojea.

Nusu saa yote Mama Séphora aliongea. Falonne anapendaka nini: mboga ya mbuga na ndizi ya kuchoma. Kitanda yake ya zamani iko na godoro mupya, alimuwekea. Kichwa chake hakika kimejaa taka huko Beni, atamusuka yeye mwenyewe, asimuachie mutu. Na ile kovu, ataipaka mafuta ya mawese, ju kwa baridi ya Butembo inaumaka. Aliuliza Zorobabel kama ku Beni balimupatia viatu. Zorobabel akatazama Éphraïm, akatazama Ornella, na akaelewa, akaacha kusema alleluia. Eliezer alikuwa ameinama na paji la uso ku magoti. Éphraïm alikuwa anapanga PV yake, ma papier ya mashitaka, ukurasa juu ya ukurasa.

Kamustari ka kijani kakajaa. Machine ikalia kengele kadogo.

« Imekwisha! » mama akasema. Akavuta kiti, akakaa karibu ya Ornella, bega kwa bega. « Andika tena, mutoto wangu. Andika kovu. Unisomee tena ile ya kitanda ya kenda, nisikie na masikio. »

Ornella akaandika. Mustari ukatoka, mumoja, mupya. Mama akausongelea, akauwekea kidole, vile batu benye hawajue kusoma banagusa maneno.

« Soma, basi! »

« Chef, » Ornella akasema, sauti ndogo kabisa. « Sema weye. Nakuomba. »

« Ni weye encodeuse. »

Éphraïm akafungua pingu ku banc, akaifunga ku mukono wake mwenyewe, akavuta Eliezer akasimama. Mama Séphora hakugeuka, kidole bado ku écran, anangojea. Éphraïm akapitisha kijana mbele, akatoka, na akafunga mulango kabla Ornella afungue kinywa.